Dungu la Babu na Hema la Amani

Nilipokuwa na umri wenu nililala porini kila mwaka, na hakuna aliyeniita mtalii. Kwetu Handeni, mahindi yakianza kubeba, mtu huhamia shambani. Babu alikuwa na dungu lake: nguzo nne zilizochimbiwa, jukwaa la fito juu yake, paa la nyasi, na ngazi ya kupandia. Chini tuliwasha gogo lililokesha likifuka moshi. Kazi yangu ilikuwa debe. Nikisikia kishindo gizani, nagonga debe na kupiga mayowe mpaka koo likauke, maana nguruwe wakiingia usiku mmoja tu, chakula cha nyumba nzima kimekwenda. Alfajiri nguruwe wakiondoka, ngedere nao wanafika.

Nimeanza na dungu kwa sababu ya swali la mpwa wangu, aliye darasa la tano. Nilipomwambia kwamba likizo ya mwezi wa sita tungekwenda kulala msituni, aliniangalia kwa makini, akauliza: "Mjomba, tunakwenda kulinda nini?"

Nikamjibu hatulindi kitu. Tunakwenda kulala tu, tuamke, tutembee, turudi. Hakuniamini, nami sikumlaumu. Hapa kwetu kulala nje ya nyumba ni kazi, au ni msiba.

Basi wanangu, sikilizeni tulikokwenda. Mkisikia neno hifadhi, najua akili zenu zinakimbilia Serengeti, kwenye magari ya kufunguka juu na simba waliolala chini ya mti. Ipo hifadhi ya namna nyingine, inaitwa hifadhi ya mazingira asilia, na ya kwanza kutangazwa nchini mwetu ni Amani, mwaka 1997. Iko kwenye milima ya Usambara Mashariki, sehemu yake Muheza na sehemu yake hapo hapo Korogwe. Ina hekta 8,380. Mkitaka kuiona kichwani, pangeni viwanja vya mpira zaidi ya 11,000, halafu vifunikeni vyote kwa miti. Inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Huko hakuna tembo wala simba, kwa hiyo gari unaliacha, unatembea kwa miguu yako mwenyewe. Kwangu mimi hilo pekee linatosha kumpeleka mtoto.

Tulitoka Handeni asubuhi, vumbi jekundu likitufuata. Korogwe, Segera, Hale, Muheza. Kutoka Muheza barabara iliacha lami, ikaanza kupanda, na kila kona hewa ikabadilika. Tukafika Sigi, kwenye lango. Pale pana nyumba ya mbao ya zamani, iliyokuwa ya msimamizi wa stesheni. Ndiyo, stesheni ya treni! Wajerumani walileta reli mpaka Sigi ili kushusha magogo. Reli imekwisha kung'olewa, nyumba imebaki. Juu zaidi, Amani penyewe, walikuwa wameanzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, wakapanda miti kutoka pande nyingi za dunia ili waone ipi itakubali udongo wetu. Mingine ilikubali kupita kiasi. Msizi, kwa mfano, umeingia hadi ndani ya msitu na kuisumbua miti ya asili ya humo mpaka leo.

Usiku wa kwanza tulilala kwenye nyumba ya wageni. Kitanda, chandarua, blanketi mbili. Sina mengi ya kusema juu yake, ila msidharau blanketi ya pili: mwezi wa sita Amani ni baridi, na sisi watu wa Handeni baridi hatuijui.

Usiku wa pili ndio wa hema.

Mwongoza wageni, mzee mpole ambaye mpwa wangu alimwamkia shikamoo kila alipomwona, hakutuacha tufungue hata mfuko. "Kwanza tazameni juu," alisema. Juu tunatafuta tawi kavu, kwa sababu tawi kavu huanguka bila kupiga hodi. "Sasa tazameni chini." Chini tunatafuta njia ya siafu. Siafu wa msitu ule hutembea kwa maelfu, na hawazunguki hema. Wanapita ndani yake. Halafu tukaangalia mteremko, mvua ikija maji yatapita wapi. Hapo tu ndipo tulipopigilia vigingi. Moto tuliwasha mahali pa moto pekee, kwa kuni tulizouziwa, tukasonga ugali kwa unga wa bada tuliobeba kutoka nyumbani.

Asubuhi yake mpwa wangu aliniamsha kwa kilio: "Mjomba, hema limevuja!" Kweli, turubai lilikuwa limelowa kwa ndani, matone yananing'inia. Lakini usiku mvua haikunyesha. Maji yale, wanangu, yalitoka midomoni na puani mwetu. Pumzi ina mvuke. Mvuke ukigusa kitambaa cha baridi, unageuka maji.

Na hivyo ndivyo mlima wenyewe unavyofanya. Upepo wa Bahari ya Hindi unakuja umebeba mvuke, unakuta Usambara imesimama njiani, unalazimika kupanda, unapoa, na mvuke unageuka ukungu na mvua. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Majani na mizizi ya msitu inaipokea mvua ile na kuiachilia polepole. Mto Sigi unatoka humo, na maji yake ndiyo wanayokunywa watu wa jiji la Tanga. Upande wa magharibi Mto Lwengera unateremka bondeni, unaungana na Pangani karibu na Korogwe, na maji ya mito hiyo miwili yanakwenda kuzungusha mitambo ya umeme pale Hale. Pangani huo huo, unaokusanya maji ya Kilimanjaro, Upare na Usambara, ndio unaosukumwa kwa bomba mpaka Handeni. Mpwa wangu anaijua foleni ya ndoo za njano vizuri kuliko jedwali la kuzidisha. Alinyoosha kidole, akagusa tone moja kwenye turubai, akalitazama kwa muda mrefu.

Lakini nimeutangulia usiku. Ngoja nirudi.

Baada ya kula, mzee alituchukua matembezini na tochi. Mchana kinyonga humwoni, kajificha machoni pako. Usiku akilala rangi yake hupauka, na ukimmulika anang'aa juu ya kijiti kama karatasi. Tuliona mmoja mwenye pembe tatu, na mwingine mdogo kuliko kidole changu, kama jani lililokauka. Mzee akatusimulia juu ya chura wa msitu ule ambaye hatagi mayai majini kama vyura mliosoma shuleni. Mama anawabeba watoto tumboni mpaka wawe vyura kamili, kisha anawazaa, wadogo kama punje za mchele. Kwenye mwamba kando ya kijito kulikuwa na maua ya urujuani yenye majani ya manyoya. Maua hayo yamejaa madirishani Ulaya na Marekani, na asili yake ni milima hii. Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyeyapeleka kwao mwaka 1892. Tuliyaangalia, tukayaacha pale pale. Ni machache sasa.

Tukaingia hemani. Nikafunga zipu. Nikaanza kusinzia, ndipo sauti ile ilipotokea.

Huanza kama mlango wenye bawaba kavu, mkwaruzo mmoja, mwingine, kisha hupanda mpaka iwe ukelele wa mtu anayenyongwa. Mpwa wangu alikuwa ameshakaa. Nilisikia chuma. Alikuwa ameshika sufuria mkono mmoja na mwiko mkono wa pili, tayari kugonga, kama nilivyokuwa mimi juu ya dungu la babu.

Nikamshika mkono. "Huyo ni perere," nikamwambia. "Ana ukubwa wa sungura. Anakaa ndani ya tundu la mti, anakula majani. Na ndugu yake wa karibu miongoni mwa wanyama wakubwa ni tembo."

"Anataka nini?"

"Anawaambia wenzake kwamba yupo."

Akanyamaza, bado kashika sufuria. Perere akaita tena. Safari hii, mbali upande wa bonde, mwingine akamjibu. Kisha wa tatu, mbali zaidi, karibu na mgongo wa mlima. Mpwa wangu akazima tochi mwenyewe. Akaanza kuwahesabu kwa sauti ya chini: wanne, watano. Kati ya mlio na mlio palisikika matone yakianguka kutoka kwenye majani, na kijito.

Alifika wa kumi na moja. Sufuria ikamponyoka taratibu, nikaidaka kabla haijalia, nikaiweka mapajani, nikaendelea kuhesabu mimi.