Mlinzi wa Tovuti Apewe Maagizo Sawasawa

Mambo mengi ambayo zamani yalimlazimu mtu kupanga foleni mbele ya dirisha la afisi, leo hutimizwa mtandaoni. Tangu tarehe 1 Oktoba, 2024, mgeni aingiaye Zanzibar hutakiwa awe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, nayo hununuliwa kwa njia hiyo hiyo. Tovuti ya huduma inapozimika hapaonekani mlango uliofungwa wala kiti cha karani kilicho kitupu. Mwenye haja yake hukwama peke yake na simu mkononi, na mkuu wa afisi hana khabari.

Ndiyo maana huwekwa programu ya ulinzi, ambayo kila baada ya muda hubisha hodi kwenye tovuti na kungoja jawabu. Hilo ni jema. Lakini mlinzi huyo huona yale tu aliyoagizwa kuyatazama, na ni hatari kuyaacha maagizo yake kama yalivyotoka kwa muuzaji.

Mlinzi abishaye kila dakika 5 hubisha mara 288 kwa siku; tovuti ikizimika kwa dakika 4 baina ya hodi mbili, yeye hajui kitu. Akiwa ameambiwa pia asitoe tahadhari mpaka akose jawabu mara 3 mfululizo, zitapita dakika 10 hadi 15 kabla ya mtu kuamshwa. Subira hiyo ina sababu yake, maana mlinzi apayukaye kwa kila kikwazo kidogo hatimaye hupuuzwa. Hata hivyo, kwa ukurasa wa malipo twaona ni bora abishe kila dakika 1, na akose mara 2.

Tena kuna suala la jawabu lenyewe. Seva huweza kurudisha alama 200, maana yake "salama", ilhali ukurasa ni mtupu. Mlinzi atazamaye alama peke yake ataandika kuwa kazi inaendelea. Basi aagizwe kutafuta neno fulani ndani ya ukurasa, kama vile "Lipia", na asipoliona apige kelele.

Lililo zito zaidi kwetu sisi watu wa visiwani ni mahali anapokaa mlinzi. Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika. Katika hali kama ile, tovuti iliyohifadhiwa Ulaya na kulindwa kutoka huko huko huhesabiwa nzima mchana kutwa, na huku mtu wa Chake Chake haipati. Mlinzi mmoja hana budi akae hapa hapa, tena juu ya mtandao wa simu autumiao mwananchi. Wa mbali naye asiondolewe, kwa kuwa wa hapa huweza kukosa umeme, na Unguja haijasahau giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010. Wa mbali akiiona tovuti na wa hapa asiione, fundi atajua kwamba aliyeharibika ni njia au mlinzi wa karibu, si seva.

Wakuu wasomao ripoti nao wasivutwe na tarakimu nzuri. Asilimia 99 kwa mwaka ni kuzimika kwa siku 3 na nusu na zaidi, asilimia 99.9 ni saa 8 na dakika 45. Waulize kwanza hesabu hiyo imepimwa kutoka wapi.

Mwisho ni anayepelekewa tahadhari. Ikipelekwa kwa barua pepe iliyo katika seva ile ile inayolindwa, seva ikianguka na barua imeanguka pamoja nayo. Tunaziomba afisi zinazopokea malipo ziandike nambari ya simu ya fundi wa zamu, wa usiku na wa siku za mapumziko, na kila zamu ibadilikapo nambari hiyo ijaribiwe.