Madaktari wapya na hospitali: mtu mmoja akibadili nia, nani atahamishwa?

Kila mwezi wa tatu, maelfu ya madaktari wapya nchini Marekani wanangojea jibu moja: watapelekwa hospitali gani kwa mafunzo ya kazi. Kila mmoja ameandika orodha ya hospitali anazotaka, nazo hospitali zimepanga madaktari kwa orodha zao. Kompyuta ndiyo inawaunganisha.

Mwaka wa 1962, David Gale na Lloyd Shapley walionyesha kwamba mpango tulivu unapatikana siku zote. Daktari anabisha hodi kwanza kwa hospitali anayoipenda zaidi. Hospitali inamwambia "ngoja", na inaweza kumwachilia akija anayeifaa zaidi. Aliyekataliwa anaenda kwa inayofuata. Mwishoni, hakuna daktari na hospitali wanaotamaniana kuliko kile walichopewa.

Je, utulivu huo una faida gani? Uingereza ilipata jibu kwa njia ngumu. Alvin Roth, aliyepewa Tuzo ya Nobel pamoja na Shapley mwaka wa 2012, alichunguza mipango ya huko. Ile ya Newcastle na Birmingham haikuwa tulivu: wanafunzi na waajiri walipatana pembeni kabla ya orodha kutolewa, na mipango ikaachwa. Ya Edinburgh na Cardiff, iliyokuwa tulivu, iliendelea.

Lakini utulivu wa leo si ahadi ya kesho. Daktari mmoja akiugua, au akibadili nia, nafasi yake inabaki wazi. Anayeihamia anaacha pengo lingine, na hivyo hivyo. Wachumba wanaotaka mji mmoja wanatatiza zaidi: kwao mpango tulivu unaweza kukosekana kabisa. Ndiyo maana Roth na Elliott Peranson walitengeneza upya hesabu ya Marekani, ikaanza kutumika mwaka wa 1998.

Mwaka wa 2017, watafiti wa Cork, Ireland, walichapisha swali lililo wazi zaidi: jozi moja ikivunjika, ni wangapi wengine watalazimika kuhamishwa? Mipango tulivu inaweza kuwa mingi kwa orodha zilezile, kwa hiyo mtu anaweza kuchagua ule unaotengenezeka kwa kuwasumbua wachache. Mwaka uliofuata, Tung Mai na Vijay Vazirani walitafuta ule wenye nafasi kubwa ya kubaki tulivu hata orodha moja ikiwa na kosa.

Shida ni kwamba mpango mgumu kuvunjika si lazima uwe ule unaowafaa madaktari zaidi. Anayeandika hesabu ndiye anayeamua nani aachie hospitali ya ndoto yake ili wenzake wasihamishwe.