Kabla Kompyuta Haijapelekwa kwa Fundi: Namna ya Kutafuta Mafaili Yaliyosimbwa

Kompyuta inapoanza kusuasua, wengi wetu tuna dawa moja tu: kuipeleka kwa fundi aipige Windows upya. Mara nyingi dawa hiyo hufaa. Hata hivyo, yapo mafaili ambayo mfumo ukishafutwa hayatafunguka tena, hata kama fundi aliyanakili kwa uangalifu wote kabla ya kuanza kazi. Hayo ni mafaili yaliyosimbwa. Makala hii inaeleza mafaili hayo ni yapi, yanatafutwaje, na mwenye kompyuta afanye nini akiyakuta.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Katibu wa kikundi kilichokopeshwa kutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri huweka hesabu za marejesho katika kompyuta. Jumuiya ya watumia maji huweka humo orodha ya wachangiaji, na mwalimu huweka alama za wanafunzi. Kumbukumbu hizo zikipotea, hasara haiwi ya mwenye kompyuta pekee, bali ya wote walioandikwa humo.

Kusimba ni nini?

Kusimba faili ni kuyageuza maandishi yake kwa hesabu maalumu hata yasisomeke pasipo ufunguo. Windows imekuwa na uwezo wa kusimba faili moja moja tangu toleo la Windows 2000. Uwezo huo umo katika matoleo yaliyokusudiwa kwa kazi za ofisi, kama vile Pro. Matoleo yaitwayo Home hayana.

Upekee wa usimbaji huu ni ukimya wake. Mwenye faili haulizwi nenosiri anapolifungua, kwa kuwa akishaingia katika akaunti yake mashine huutumia ufunguo bila kumwambia. Mtu aweza kukaa miaka mingi bila kujua kwamba mafaili yake yamesimbwa, hasa ikiwa kompyuta aliinunua mkononi au iliandaliwa na mtu mwingine. Anayeingia kwa akaunti tofauti huliona jina la faili, lakini akijaribu kulifungua hukataliwa.

Hapo ndipo hatari ilipo. Ufunguo huhifadhiwa ndani ya akaunti ya mtumiaji, ukilindwa na nenosiri lake. Mfumo ukifutwa, ufunguo hufutika pamoja nao, na kufungua akaunti mpya yenye jina lile lile na nenosiri lile lile hakuurudishi. Vilevile, ukisahau nenosiri na msimamizi wa kompyuta akakuwekea jipya kwa nguvu, mafaili yaliyosimbwa yanaweza kukataa kufunguka. Ukilibadilisha wewe mwenyewe, kwa kuandika kwanza lile la zamani, hakuna madhara.

Namna ya kuyatafuta

Kwanza, tumia macho. Katika Windows 10 na 11, faili lililosimbwa huwa na alama ndogo ya kufuli juu ya picha yake. Katika matoleo ya zamani, jina lake huandikwa kwa rangi ya kijani.

Pili, iagize kompyuta itafute yenyewe, maana macho hayawezi kupitia kila folda. Ingia kwa akaunti yako, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Katika dirisha jeusi litakalofunguka, andika amri hii ukizingatia nafasi zilizoachwa:

cipher /u /n

Bonyeza Enter na usubiri. Kompyuta itaorodhesha mafaili yaliyosimbwa na mahali yalipo. Amri hii haibadilishi chochote, huonyesha tu. Ikiwa kompyuta ina watumiaji kadhaa, kila mmoja airudie kwa akaunti yake.

Tatu, tazama diski yenyewe. Kufuli likionekana kwenye picha ya diski, basi diski nzima imesimbwa kwa BitLocker. Ufunguo wake wa dharura una tarakimu 48. Kompyuta nyingi mpya zenye Windows 11 hujisimba hivyo pale mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo huwekwa katika akaunti hiyo. Uandike karatasini na uutunze mbali na kompyuta.

Mafaili ya Word au Excel uliyoyawekea nenosiri wewe mwenyewe hayatatokea katika orodha ya cipher. Hayo hufuata nenosiri lake popote yaendapo.

Ukiyakuta, fanya hivi

Njia nyepesi ni kuyafumbua kabla ya fundi kuigusa mashine. Bonyeza faili au folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties", kisha "Advanced", uondoe alama ya tiki mbele ya maneno "Encrypt contents to secure data", na ukubali. Baada ya hapo, yanakili katika flashi na uyafungue kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha kwamba yanasomeka. Usiikabidhi mashine kabla ya kufanya jaribio hilo.

Anayetaka mafaili yake yaendelee kusimbwa na atoe nakala ya ufunguo. Amri ya cipher /x hutengeneza nakala hiyo na kuomba nenosiri la kuilinda. Nakala ihifadhiwe nje ya kompyuta.

Ikiwa si wewe uliyesimba

Kuna usimbaji wa aina nyingine, ule wa wahalifu. Mwezi Mei 2017 programu hasidi iitwayo WannaCry ilisimba mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi, zikiwamo za hospitali nchini Uingereza, na kudai fedha. Dalili zake ni miisho ya majina ya mafaili kubadilika ghafla na kutokea ujumbe wa kudai malipo.

Ukiona hivyo, iondoe kompyuta kwenye mtandao mara moja na uchomoe flashi zote. Usilipe, kwa sababu malipo hayampi mtu hakika ya kupata ufunguo. Usiyafute mafaili hayo pia: mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta, hutoa bure funguo za baadhi ya programu hizo. Kisha toa taarifa polisi, kwani kitendo hicho ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Wananchi wanakumbushwa kwamba utafutaji huu huchukua dakika chache tu, lakini ufunguo uliokwisha kufutwa hakuna fundi awezaye kuurudisha. Vikundi vyenye kumbukumbu za wanachama katika kompyuta vinashauriwa kuufanya kabla ya matengenezo yoyote, na penye shaka kuomba ushauri wa Afisa TEHAMA wa Halmashauri kabla ya kuipeleka mashine kwa fundi.