Umeme Ukikatika Katikati ya Sasisho

Kompyuta ya steshenari haina mwenyewe. Pale Nyahanga, mjini Kahama, asubuhi inachapa barua ya kuomba kazi mgodini Bulyanhulu, mchana inajaza fomu ya mkopo wa chuo, jioni vijana wanaangalizia mpira. Kila anayeikalia huacha chake: programu aliyoipakua, mpangilio aliouchezea. Kisha umeme unakatika sasisho likiwa nusu, na kesho yake mashine haiwaki. Fundi anaitwa, anafuta kila kitu, anaweka Windows upya, analipwa. Baada ya miezi michache anaitwa tena.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 haipati tena masasisho ya kawaida ya usalama, na kompyuta nyingi kuukuu hazikidhi masharti ya Windows 11. Ndiyo maana huu ni wakati mzuri wa kuitazama mifumo ya Linux isiyobadilika, yaani ile ambayo sehemu ya mfumo husomwa tu, haiandikwi ovyo.

Simu ya Android imeshakuzoesha jambo hilo. Hakuna anayeingia kwenye mafaili ya mfumo wa simu yake kuyahariri. Na tangu Android 7 ya mwaka 2016, simu inaweza kuwa na nafasi mbili za mfumo: moja inatumika huku nyingine ikipokea toleo jipya.

Kwenye kompyuta, mfano ninaoupendekeza ni Fedora Silverblue, iliyopewa jina hilo mwaka 2018. Moyo wake ni OSTree, kazi iliyoanzishwa na Colin Walters wa kampuni ya Red Hat. Kila faili la mfumo huhifadhiwa kwa alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake. Sasisho likija, hupakuliwa mafaili yaliyobadilika tu; yaliyo sawa hutumiwa na toleo la zamani na jipya kwa pamoja, hivyo diski haijai maradufu. Toleo jipya hujengwa pembeni huku wewe ukiendelea kuchapa. Likikamilika, kinachobadilishwa ni kielekezo kinachoiambia kompyuta ianzie wapi itakapowashwa tena. Umeme ukikatika kabla ya hapo, kompyuta huwaka na mfumo wa jana, mzima. Na kama toleo jipya limekuja na kasoro, unachagua la zamani kwenye orodha inayotokea wakati wa kuwasha, au unaandika amri ya rpm-ostree rollback.

Hasara zipo. Faili la kusakinishia linazidi GB 2, na masasisho yanakula bando. Programu kama LibreOffice na GIMP huchukuliwa kama Flatpak, yaani vifurushi vinavyojitegemea, kutoka ghala la mtandaoni la Flathub, nazo ni nzito mwanzoni. Afueni ni kwamba amri ya flatpak create-usb huziweka kwenye flashi, kompyuta ya pili ikazipata bila intaneti. (LibreOffice ilizaliwa kutokana na OpenOffice, programu ambayo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitoa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Watu wetu si wageni humu.)

Mtihani wa kweli wa steshenari ni printa. Nyingi za kisasa hufanya kazi bila kuongezewa kitu. Ile inayodai programu ya kiwanda chake itakulazimu kuichomeka programu hiyo ndani ya mfumo kwa amri ya rpm-ostree install, kisha kuwasha upya; na ukirundika vitu vingi hivyo, masasisho huanza kusuasua. Kwa hiyo jaribu kwanza Fedora Workstation, toleo la kawaida la Fedora, kutoka kwenye flashi, bila kuisakinisha, uone kama Wi-Fi, sauti na printa vinaitika. Printa ikigoma kabisa, mimi ningebakiza mashine moja ya zamani kwa ajili yake na kuhamisha nyingine.

Kabla ya kusakinisha, nakili kazi zote kwenye diski ya nje, na uendelee kunakili hata baadaye. Kurudi kwenye toleo la jana hurudisha mfumo peke yake. Barua ya mteja uliyoifuta kwa mkono wako hairudi.