Je, Wajua? Dawa ya nusukaputi yajaribiwa kwa sonona

Ketamini, dawa ya nusukaputi inayotumika kwenye upasuaji katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, imejaribiwa pia kwa watu wazima wenye sonona sugu, yaani waliotumia ipasavyo angalau dawa mbili bila kupata nafuu.

Dawa za kawaida za sonona huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Katika jaribio dogo la Marekani lililochapishwa mwaka 2006, wengi wa waliodungwa ketamini walipata nafuu ndani ya saa 24. Baada ya wiki moja, ni kama theluthi tu waliobaki nayo. Mwaka 2019 nchi hiyo iliidhinisha esketamini, aina ya ketamini ya kupuliza puani. Mgonjwa huangaliwa kliniki kwa angalau saa 2 na haendeshi gari hadi kesho yake.

Tatizo kwenye majaribio ni kwamba ketamini haifichiki. Mgonjwa huhisi kana kwamba ametengana na mwili wake, basi anajua hakupewa maji ya chumvi yanayotumiwa kulinganishia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakaja na mbinu ya kijanja kweli: waliwapa watu 40 wenye sonona ama ketamini ama maji ya chumvi wakiwa wamekwishalala kwa nusukaputi, wakifanyiwa upasuaji wa kawaida. Matokeo ya 2023? Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, karibu sawa, na waliodhani wamepewa ketamini ndio walioelekea kupata nafuu zaidi. Wakosoaji wanasema huenda nusukaputi yenyewe ilivuruga matokeo, na watu 40 ni wachache.