Kila Chombo na Moto Wake

Aghalabu mtu aliyevunjikiwa na chombo cha chuma humwendea fundi akiwa amekwisha kukata hukumu nyumbani, nayo ni kwamba kichomelewe, kwa itikadi kuwa kiungo chenye nguvu kupita vyote ndicho kilicho bora. Na itikadi hiyo, ijapokuwa ina sura ya akili, imekwisha kuangamiza vyombo ambavyo moto mdogo ungalivisalimisha. Njia za kuunga madini kwa moto ni tatu, na tofauti yake si ya nguvu peke yake, bali ni ya kadiri ya joto ambalo chombo kitatwishwa.

Katika kulehemu, iwe kwa risasi au kwa shaba, chombo chenyewe hakiyeyuki; kinachoyeyuka ni madini mengine, mepesi wa kuyeyuka, ambayo huvutwa ndani ya mwanya mwembamba ulio baina ya pande mbili, yakaganda humo na kuzishika. Lehemu ya mafundi wa redio, yenye sehemu 63 za bati na 37 za risasi, huyeyuka kwa digrii 183 tu za sentigredi, hali shaba ya manjano itumiwayo kulehemu chuma hutaka karibu digrii 900. Kuchomelea ni jambo la namna nyingine kabisa: hapo pande zenyewe huyeyushwa zikachanganyika kuwa kitu kimoja, na chuma cha pua hakifikii hali hiyo mpaka kipate digrii zipatazo 1,500.

Kwa sababu hiyo, rejeta ya shaba ya lori la zamani, ambayo mirija yake iliungwa kwa risasi, ikivuja mahali pamoja yatosha kulehemiwa kwa risasi vivyo hivyo, kwani mwenye kuielekezea moto wa kuchomelea ataziba tundu moja na kuviyeyusha viungo vya jirani. Fremu ya baiskeli, yenye mabomba membamba yatikiswayo njiani kutwa, haitoshelezwi na risasi, na umeme wa kuchomelea ni mwepesi wa kuitoboa. Hiyo hutaka shaba. Mguu wa cherehani nao ni wa chuma cha kusubu, chenye kaboni nyingi na kisichojua kupinda: joto kali likikiangukia mahali pamoja, hapo hutanuka kisha hunywea, nacho kikapasuka kando ya kiungo kipya. Afadhali kipashwe moto polepole, kilehemiwe kwa shaba, kisha kifukiwe katika majivu kipoe taratibu. Lakini bawaba ya lango, chasisi ya tela, na kila kitu kinene cha chuma cha pua kibebacho mzigo, kuchomelea ndiyo haki yake.

Njia yoyote itakayochaguliwa, usafi ni sharti. Kutu, rangi na mafuta huizuia lehemu isishike, ndiyo maana fundi hodari hutangulia kwa tupa na msasa, akapaka dawa ya kulehemia iondoayo utando wa kutu na kuuzuia usirudi wakati wa joto.

Zipo pia hatari zisizoonekana. Tangi la petroli, hata likiwa tupu, lina mvuke uwezao kulipuka, wala halisogezwi karibu na moto kabla ya kusafishwa barabara. Moshi wa mabati yaliyopakwa zinki humletea mchomeleaji homa. Na mdila au sufuria ya chakula haifai kuguswa na risasi, kwani ni sumu, bali hutakiwa lehemu isiyo na risasi ndani yake.

Basi mwenye chombo na amwulize fundi mambo matatu kabla ya bei: ni madini gani, kitabeba nini, na kitu gani kilicho karibu na ufa hakitastahimili moto. Mwenye majibu hayo atachagua moto mdogo kabisa uwezao kuitimiza kazi, maana lehemu iliyoshindwa huyeyushwa na kurudiwa, lakini bomba lililotobolewa kwa joto halirudi kuwa zima.