Kulala si Kuzimika: Mikrokontrola na Uwekevu wa Nishati

Saa ya mkononi ya tarakimu huweza kutumia betri moja, ndogo mfano wa sarafu, kwa miaka kadhaa. Je, siri yake ni ipi? Makala haya yanadhamiria kulifafanua suala hilo, na papo hapo kudhihirisha jinsi uteuzi wa msamiati unavyoweza kumwelekeza au kumpotosha msomaji wa Kiswahili.

Mikrokontrola ni kompyuta ndogo iliyokusanywa katika kipande kimoja cha silikoni. Ndani yake mna kichakataji, kumbukumbu na njia za kuwasiliana na vifaa vya nje. Kazi yake katika saa ni haba: huamka, huongeza sekunde moja, hubadilisha tarakimu, kisha hulala. Katika jamii ya MSP430 ya kampuni ya Texas Instruments, kwa mfano, zipo ngazi mbalimbali za usingizi. Katika ngazi iitwayo LPM3, kichakataji husimama, ilhali kumbukumbu huhifadhi yaliyomo, na fuwele inayotetema mara 32,768 kwa sekunde huendelea kupima muda. Idadi hiyo haikuzuka kisadfa. Ukiigawa kwa mbili mara 15 mfululizo, hubaki moja. Nayo ishara hiyo ya kila sekunde ndiyo hukigutusha kichakataji.

Faida yake hudhihirika kwa hesabu. Betri aina ya CR2032 hubeba takribani miliampea-saa 220. Kifaa kikifyonza miliampea 2 bila kupumzika, betri hiyo itakwisha baada ya saa 110, yaani hata siku tano hazitimii. Wastani ukishuka hadi mikroampea 2, hesabu iyo hiyo huzaa saa 110,000, zaidi ya miaka 12, ingawa betri yenyewe nayo huzeeka.

Fauka ya hayo, kioo cha fuwele oevu hakitoi mwanga. Huuzuia au kuupitisha tu ule unaokiangukia. Ndiyo maana hutumia umeme kidogo mno. Hata hivyo, kina masharti yake. Kikipewa umeme wa upande mmoja kwa muda, fuwele huharibika. Kwa hivyo sharti volti zigeuzwe upande mara nyingi kwa sekunde. Aidha, tarakimu nne zenye vipande saba kila moja huhitaji njia 28, pamoja na moja ya pamoja. Vipande hivyo vikihudumiwa kwa zamu katika makundi manne, njia 7 na nyingine 4 za pamoja zatosha: jumla 11. Baadhi ya mikrokontrola zina sakiti maalumu ya kazi hii, nayo huendelea kukihudumia kioo hata kichakataji kinapolala.

Hapa ndipo mwanalugha anapohusika. Mfasiri akisema kwamba mikrokontrola "imezimika", fundi atadhani kwamba kumbukumbu imefutika na saa imesimama. Akisema "imelala", ameeleza ukweli: aliyelala angali anapumua, na akiitwa huamka. Kiswahili tayari kina neno faafu. Lililosalia ni mfasiri kukielewa kifaa kabla ya kukiandikia. Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Katika betri, haba na haba hukimaliza.